Lantana: Ua la Bustani Lililokimbilia Porini

Ndugu mkulima, ukipita njiani kando ya shamba lako huenda ukaona kichaka chenye maua madogo madogo yaliyokusanyika pamoja kama kishada, ya manjano katikati na mekundu au ya waridi pembezoni. Ukivunja jani lake na kulifikicha kiganjani, harufu yake hupanda puani kwa nguvu. Ukishika tawi bila hadhari, miiba yake midogo itakukwaruza. Huo ndio mmea uitwao lantana. Kila mahali watu wana jina lao la kuuita, lakini katika karatasi hii tutatumia jina la lantana tu, ili msomaji wa pwani na msomaji wa bara wapate kuelewana.

Yakupasa kwanza kujua kwamba mmea huu si mwenyeji wa Afrika. Asili yake ni nchi za joto za Amerika. Katika karne ya 17 Waholanzi waliuchukua kutoka Brazil wakaupeleka kwao, wakaulea ndani ya nyumba za vioo, maana baridi ya Ulaya ingaliuua mara moja kama ungaliachwa nje. Mtaalamu wa mimea wa Sweden, Carl Linnaeus, aliuandika kwa jina la Lantana camara katika kitabu chake cha mwaka 1753, na jina hilo ndilo litumikalo na wataalamu hata leo. Mabwana bustani wa Ulaya waliupenda sana. Walichanganya aina hii na aina ile, wakapata maua ya rangi nyingine, wakachanganya tena, hata leo aina zilizopewa majina zakisiwa kuwa 650 hivi.

Neno hili la kuchanganya aina ulishike sana, kwa sababu tutalirudia. Lantana iliyopelekwa India, Australia, Afrika na visiwa vya bahari kuu haikuwa ile ya mwituni Amerika. Ilikuwa chotara wa bustani, aliyechaguliwa kwa wingi wa maua na wepesi wa kukua. Mtu aliyeipanda mbele ya nyumba yake hakuwa na nia mbaya. Alitaka urembo na ua la kuzuia mbuzi, na kwa kweli alivipata vyote viwili.

Sasa tuutazame mmea wenyewe, maana mkulima asiyeujua vema huenda akakata usiostahili kukatwa na kuacha unaostahili. Lantana ni kichaka cha matawi mengi, chenye kimo cha meta 2 hadi 4, na ukipata mti wa kuegemea hupanda juu zaidi. Shina changa lina pembe nne, ukilizungusha baina ya vidole utazihisi. Likikomaa huwa la mviringo na gumu kama kuni. Miiba yake ni mifupi nayo imepinda kuelekea chini, na kwa hiyo ni rahisi kuuingiza mkono ndani ya kichaka na ni taabu kuutoa. Majani hukaa mawili mawili yakielekeana kila kifundo. Umbo lake ni la yai lililochongoka nchani, kingo zake zina meno madogo kama ya msumeno, na uso wake ni wa kukwaruza.

Upo mmea mwingine wa jamaa yake ambao huonekana sana katika mbuga na kando ya mashamba ya Afrika ya Mashariki, nao ni Lantana trifolia. Huo aghalabu huwa na majani matatu matatu kila kifundo, hauna miiba, maua yake ni ya waridi au zambarau, na kishada chake hurefuka matunda yanapokomaa. Usiuchanganye na huu. Ukiona majani mawili mawili, miiba, na maua yenye rangi zaidi ya moja katika kishada kimoja, basi umempata mwenyewe.

Habari za rangi hizo zastahili kuelezwa kwa urefu kidogo, kwa kuwa ni jambo la ajabu, na watu wengi hudhani kwamba kishada kimoja kimebeba maua ya aina mbili. Sivyo. Kila kishada kina maua yapatayo 20 hadi 40, na kila ua ni kijibomba chembamba chenye urefu wa kama sentimeta moja, ambacho mdomo wake umefunguka kwa vipande vinne au vitano. Maua ya pembeni hufunguka kwanza, na ya katikati hufuata siku kwa siku. Katika aina nyingi ua lifungukapo huwa la manjano, na siku hiyo ndimo mlimo na asali. Vipepeo hutua juu yake, huingiza ulimi wao mrefu katika kijibomba, hunywa, na huku hubeba unga wa ua na kuupeleka kwingine. Ua likiisha kupokea unga huo hugeuka rangi, likawa la machungwa, kisha jekundu au la zambarau kwa kadiri ya aina yake. Kipepeo hulitambua geuzi hilo, naye huliacha jekundu akaenda kwenye la manjano. Mbona basi ua kuukuu halidondoki upesi? Kwa sababu likibaki mahali pake kishada huonekana kikubwa, na kipepeo hukiona toka mbali. Mimi nakiri kwamba kila nikipita karibu na kichaka hiki hujikuta nimesimama kukitazama, na sioni ajabu kwamba watu waliuvusha bahari mmea wenye werevu namna hii.

Baada ya ua huja tunda. Matunda ni ya mviringo, madogo kuliko punje ya mtama iliyovimba kwa maji mara mbili, hukaa pamoja kama kichala. Yakiwa mabichi ni ya kijani, na yakiiva huwa meusi yenye kung'aa. Ndani ya kila tunda mna kokwa moja ngumu. Ndege huyapenda mno. Shore huyala, kuzumburu huyala, njiwa huyala, kisha huruka na kwenda kutua juu ya mti ulio katikati ya malisho yako, au juu ya nguzo ya seng'enge, na hapo huangusha kokwa pamoja na mavi yao. Ndiyo maana mara nyingi utaona lantana changa imeota chini ya mti ulio peke yake, na mwenye shamba akaapa kwamba hakuipanda. Hakuipanda kweli, amepandiwa. Kule Hawaii mmea huu uliletwa mwaka 1858 kuwa pambo la bustani, na ndege wageni walioletwa visiwani humo, njiwa na wale wa jamaa ya kwezi, ndio walioutawanya mabondeni na milimani hata ukafunika malisho.

Tena si mbegu peke yake. Tawi likilala juu ya udongo wenye unyevu hutoa mizizi na kuwa mmea mpya. Shina likikatwa huchipua chini kabisa, matawi matano mahali pa moja. Moto ukipita juu yake huunguza matawi lakini huacha kikonyo kilicho ardhini, na mvua ya kwanza hukiamsha. Jua na nafasi ndivyo inavyovipenda: msituni penye kivuli kizito haistawi, ila mti mkubwa ukianguka na mwanga ukapenya, hapo huingia. Vilevile shamba lililolimwa likaachwa, malisho yaliyoliwa hata udongo ukawa wazi, kando ya barabara iliyochimbwa, hayo yote ni makao yake. Husongamana hata mtu hawezi kupita, na chini yake majani ya malisho hufa kwa kukosa mwanga, na pia kwa sababu majani yake yaozayo ardhini huzuia mbegu za mimea mingine zisiote vema.

Wengine watasema: kama ni kichaka tu, vichaka viko vingi. Basi na tuseme juu ya ng'ombe.

Majani ya lantana yana sumu inayodhuru ini. Ng'ombe aliyezaliwa penye lantana, naye ana malisho ya kutosha, kwa kawaida huipita bila kuigusa, maana harufu na ukali wake humchukiza. Hatari i juu ya mnyama mgeni aliyenunuliwa mnadani akatoka nchi isiyo na mmea huu, na juu ya mnyama mwenye njaa wakati wa kiangazi, na juu ya kundi linaloswagwa safari ndefu likalala mahali penye vichaka. Kilo chache tu za majani mabichi huweza kumdhuru ng'ombe mzima. Aina hazilingani kwa ukali wa sumu, wala huwezi kuitambua iliyo kali kwa kuitazama rangi ya maua. Heri kuzihesabu zote kuwa mbaya.

Dalili zake ni hizi. Mnyama huacha kula ndani ya siku moja au mbili, hulegea, hupata choo kigumu au hakipati kabisa. Ini likiisha kudhurika, ile taka itokayo katika majani ya kijani aliyoyala, ambayo ini lenye afya huitoa mwilini, hubaki katika damu na kufika kwenye ngozi. Hapo jua linapompiga, ngozi huungua. Utaona pua imekuwa nyekundu na kupasukapasuka, macho yanatoa machozi, chuchu zimechubuka, na mahali penye manyoya meupe ngozi imevimba na kubanduka, hali mahali penye manyoya meusi pamesalimika. Mfugaji asiyejua husema ng'ombe amemwagiwa maji ya moto, na pengine humtuhumu jirani. Mchunguze ndani ya kope na ufizi: ukiona rangi ya manjano, waza habari za lantana kabla ya kuwaza habari za jirani.

Mnyama huyo mtoe juani mara moja, umweke bandani au chini ya mti wenye kivuli kizito, umpe maji na majani mazuri, na umwite bwana mifugo siku hiyo hiyo. Usingoje kuona kama atapona mwenyewe. Tumbo lake kubwa limesimama kufanya kazi, na yale majani aliyoyala yamo humo bado, yakiendelea kutoa sumu siku baada ya siku. Bwana mifugo huweza kumnywesha dawa ya unga wa makaa uliotengenezwa maalumu, ambao huishika sumu tumboni isipite kwenda kwenye ini. Na dawa hiyo hufaa zaidi ikiwahi. Majani yaliyokatwa na kunyauka hayapotezi sumu yake, kwa hiyo matawi uliyofyeka usiyaache ndani ya uzio wa mifugo. Na kwa habari ya watoto, iko mahali ambapo huchuma yale matunda meusi mabivu na kuyala. Yale mabichi ya kijani yamejulikana kuwa na sumu, na mtoto wa miaka minne hachagui, wakataze yote.

Jambo la pili ni kubwa kuliko la ng'ombe, nalo lahusu watu wenyewe. Ndorobo hapendi mahali peupe penye jua kali. Hutaka kivuli na unyevu, na kichaka cha lantana humpa vyote. Mwaka 1964 ugonjwa wa malale ulizuka Alego, katika Nyanza ya Kenya, karibu na Ziwa Victoria. Watu walikuwa wamezoea kuamini kwamba ndorobo wa upande ule, aitwaye Glossina fuscipes na wataalamu, hukaa ukingoni mwa ziwa na mito tu. Walakini alionekana mbali na maji, katika vichaka vya lantana vilivyozunguka nyumba za watu, akiuma ng'ombe na wanadamu uani mwao. Ua lililopandwa kuwalinda likawa nyumba ya adui. Baadaye huko Busoga, Uganda, ambako malale yalienea sana toka mwaka 1976, mashamba ya pamba na kahawa yaliyoachwa bila kulimwa katika miaka ile ya taabu yaliota lantana, na ndorobo wakakaa humo. Basi ukikaa katika nchi yenye ndorobo, kusafisha kichaka cha lantana kilicho karibu na nyumba, na karibu na kisima, na kando ya njia ya kwenda mtoni, ni kazi ya kulinda uhai wa watu wa nyumbani mwako. Usiihesabu kuwa kazi ya urembo.

Huenda umepata kusikia kwamba wako wadudu wa kuimaliza lantana, nawe ukauliza mbona hawaletwi. Wameletwa. Kazi hiyo ilianza zamani: mwaka 1902 Albert Koebele alitumwa Mexico kutafuta wadudu walao lantana ili wapelekwe Hawaii, na hiyo ilikuwa mara mojawapo ya kwanza duniani kwa watu kutumia wadudu kupigana na gugu. Toka wakati huo nchi nyingi zimejaribu. Mahali pengine wadudu hao wamepunguza nguvu ya mmea, wamekula maua na mbegu na majani, lakini mahali pachache tu wameushinda. Sababu yake ndiyo lile neno nililokuomba ulishike: lantana yetu ni chotara wa namna nyingi, na mdudu aliyezoea aina moja ya Mexico haipendi kila aina ya hapa. Tena wakati wa kiangazi mmea hupukutisha majani, na mdudu hufa njaa kabla mvua haijarudi.

Liko na tukio moja la Uganda ambalo lafaa mkulima alijue. Mdudu mdogo wa jina la Teleonemia scrupulosa, anyonyaye maji ya majani, alifunguliwa huko kwa ajili ya lantana, naye alifanya kazi yake vizuri. Alipozaliana kwa wingi akaonekana juu ya simsim. Habari hiyo iliandikwa na wataalamu katika miaka ya 1960. Simsim haikuangamia, lakini toka hapo watu wamekuwa waangalifu zaidi, na mdudu hupimwa kwanza juu ya mazao ya nchi kabla ya kufunguliwa. Kwa hiyo ukisikia serikali yachelewa kuruhusu mdudu mpya, usidhani ni uvivu.

Yatubakia jembe. Na katika jembe pia iko njia mbaya na njia njema. Njia mbaya ndiyo ile ya kufyeka kwa panga juu juu, kuchoma moto, na kwenda nyumbani. Mwaka wa pili kichaka hurudi kinene kuliko kwanza, kwa kuwa umekipogoa kama mkulima apogoavyo mti wa chai. Machipuko yote hutoka mahali pale shina linapokutana na mzizi. Basi fanya hivi. Katika mvua, udongo ukiwa laini, ng'oa kwa mkono miche yote isiyofika magoti yako, nawe uvae kitu cha kukinga mikono. Kichaka kikubwa kata matawi yake kwanza upate kulifikia shina, na uliache shina lenye kimo cha paja, maana litakufaa kuwa mpini. Kisha fukua udongo kidogo kulizunguka, na kwa jembe au shoka kata mzizi mkuu chini ya uso wa ardhi, kadiri ya sentimeta 3 hadi 5, chini ya lile fundo litoalo machipuko. Shika mpini wako, ling'oe fundo lote, uligeuze juu chini ili mizizi ielekee jua. Hutahitaji kufukua mizizi yote iliyobaki ardhini, maana ikiisha kutengwa na fundo haichipui. Njia hii imetumiwa India, nayo huwatosha watu wenye zana ndogo.

Anza kwa vichaka vya pembeni vilivyo vichache, usianze kwa pori zito. Kijana mmoja aweza kuondoa vichaka ishirini vilivyotawanyika katika malisho, na akawa ameokoa eneo zima; akikaa siku hizo hizo ndani ya pori zito hataona alama ya kazi yake, nao wale ishirini watakuwa wamezaa matunda na kuwaita ndege. Fanya kazi kabla maua hayajageuka kuwa matunda meusi. Matawi yakusanye mahali pamoja, yakauke, uyachome siku isiyo na upepo. Wengine huona kwamba si vema kuteketeza kila kitu: mashina hufaa kuwa kuni, na kule Karnataka, India Kusini, watu wa Soliga huyachemsha, huyamenya, na kusuka viti na vikapu ambavyo hununuliwa mjini. Wako pia wakulima wanaofunika viazi mviringo ghalani kwa majani yake makavu, kwa kuwa harufu yake humfukuza nondo wa viazi. Vyote hivyo ni vyema, maadamu hakuna mtu atakayeacha kichaka kikue ili apate kusuka kiti.

Mahali ulipong'oa usipaache wazi. Ardhi tupu ndiyo iliyoikaribisha lantana mara ya kwanza. Panda majani ya malisho, au panda miti itakayoleta kivuli, nawe uwazuie ng'ombe mpaka majani yashike. Ikiwa ulikuwa ua wa nyumba, yako mengine ya kupanda: mnyaa, ingawa utomvu wake ni mbaya kwa macho; mbono kaburi; mkonge penye nchi kavu; na katika nchi za juu za Kenya watu wengi hupanda kayaba, ambayo miiba yake hakuna mwizi aliyepata kuisifu.

Kisha rudi. Mbegu zilizoanguka hukaa ardhini, nazo zitaota mvua ikija. Pita tena baada ya mvua ya vuli na baada ya mvua ya masika, ukiwa na watoto wako wakubwa, kila mmoja na mstari wake, mking'oa miche ingali na majani manne au sita, wakati ambapo mkono watosha na jembe hubaki nyumbani. Fanyeni hivyo miaka mitatu kwa uchache. Na chini ya kila mti ulio peke yake malishoni, ambako ndege hutua, tazameni mara mbili.